Land Rover ya marehemu baba iko juu ya mawe, nianzie wapi?

Wasomaji wa kona ya gereji, habari za kiangazi. Mwezi huu sijui kimetokea nini, yani maswali ya IST na Crown yamepungua kabisa, karibu kila mtu anauliza gari la zamani, la baba, la babu, la wamisionari, lililokaa bandani toka enzi za Mwalimu. Mimi nimefurahi maana hii ndo hobi yangu mwenyewe na sijawahi kuificha. Walioniuliza tu "likishapendeza litauzwa bei gani" nimewaruka, hao waende kwa madalali.

Mjomba shikamoo. Kwetu ni Mpwapwa ila nafanya kazi Dodoma mjini. Marehemu baba aliacha Land Rover 109, ile ndefu, iko juu ya mawe nyuma ya nyumba toka nikiwa sekondari, kuku wanataga humo ndani. Mdogo wangu anataka tuuze skrepa, kuna jamaa kaja na mzani kabisa. Mi nataka niifufue iwe ya kutembelea wikendi. Fundi mmoja wa Majengo kasema nimpelekee aifumue yote ibaki chasisi tupu ndo aanze kujenga upya, anataka nusu ya hela kabla. Wife hajakubali. Nianzie wapi?

Marahaba mjomba. Huyo wa mzani anajua anachokifanya. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, na aluminiamu kwenye skrepa inalipa kuliko chuma. Waingereza walipoanza kuzitengeneza mwaka 1948 vita kuu ya pili ilikuwa imeisha juzijuzi tu, chuma kilikuwa cha mgao, wakaona bora bodi iwe aluminiamu. Ndo maana unakuta gari limepigwa na jua na mvua miaka na miaka na milango bado ni mizima. Kinachooza ni chuma kilichojificha chini, yani chasisi na ile fayawoli inayotenganisha injini na miguu ya dereva, halafu na zile sehemu ambazo aluminiamu imekutana na chuma, hapo pakipata unyevu aluminiamu ndo inaliwa, utaona inatoa unga mweupe.

Ila kabla hujashika spana nikuulize, kadi iko wapi? Maana kama kadi ina jina la marehemu na nyie mko ndugu kadhaa, hiyo gari sio yako bado hata kama wewe ndo mkubwa. Kaeni kikao cha familia, muhtasari uandikwe na watu wasaini, mkafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi, akishapata barua yake ndo mnaenda TRA kubadilisha umiliki. Inachosha, najua, lakini fikiria umeshaweka hela zako zote, gari inang'aa, inapita Nyerere Road watu wanageuka, alafu mdogo wako anakumbuka na yeye ni mtoto wa yule mzee. Kama bado ina zile namba za zamani za TZ itabidi iingizwe kwenye mfumo wa T wa sasa. Na asije mtu akakushawishi kuweka injini ya Toyota kimyakimya, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, ukibadilisha injini lazima TRA wajue.

Haya, makaratasi yakienda vizuri, chukua nyundo ndogo ulale chini ya gari. Gonga chasisi yote kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinaitikia kama unagonga boksi lenye mchanga. Gonga sana ile boriti ya nyuma kabisa, zile mikono zinazotoka pembeni kushika bodi, na pale springi za nyuma zinapofungwa. Hapa kwetu Mungu katupendelea, mvua zenyewe ni za Desemba mpaka Aprili na hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka, gari la Mpwapwa na gari la Tanga la umri mmoja ukiyapandisha juu utadhani sio kiwanda kimoja. Usibweteke lakini, tope lililoingia ndani ya chasisi likakauka humo linashika unyevu kila masika, toa lote na mpira wa maji. Na hao kuku wahamishe leo, kinyesi chao kinakula chuma na rangi.

Injini itakuwa imeshika, karibu zote zilizokaa hivyo zinashika, isikutishe. Usiburuzwe na gari lingine ati iwake kwa kuvutwa, utavunja ringi, ukiwa na bahati mbaya na pistoni. Toa plagi zote nne, mimina kwenye kila silinda mchanganyiko wa dizeli na ATF, ile oili ya gia za otomatiki, iache wiki nzima, ongeza, iache tena. Hizo Land Rover zina tundu la hendeli pale mbele, weka gia huru alafu jaribu kuzungusha taratibu kwa mkono, na dole gumba liweke upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie kwenye hendeli, ikipiga teke itakuvunja. Ikishalegea mwaga oili yote, weka mpya, zungusha plagi zikiwa nje mpaka oili ipande. Petroli iliyomo kwenye tangi sio petroli tena, imekuwa gundi, mwaga usafishe, na kama tangi limetoboka usimpe welda alichomelee hivihivi, mvuke unabaki hata tangi likiwa kavu na unalipuka, watu wameungua.

Kama ni ile ya petroli ya cc 2286, ambayo ndo nyingi, andika haya kwa makapeni chini ya boneti: mpangilio wa moto 1-3-4-2, tapeti (yani nafasi ya valvu) milimita 0.25 kotekote, nafasi ya pointi za distribyuta kati ya milimita 0.35 na 0.40. Kabla ya kufunga betri angalia waya upi unaenda kwenye bodi. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 hivi ni chanya ndo inayoenda bodi, ukifunga kwa mazoea unaunguza vitu.

Sasa huyo fundi wa Majengo. Sikatai kazi yake, labda ni mzuri kweli, ila gari la kwanza la hobi ukiruhusu lifumuliwe lote, nakuhakikishia kuna uwezekano mkubwa sana hutaliona tena likiwa gari. Bodi itaegemezwa ukutani, vinati vitawekwa kwenye kopo la rangi, kijana aliyekuwa anakumbuka kipi kinaenda wapi atahamia Kahama, hela itaingiliana na ada, na mwaka wa tatu yule wa mzani anarudi na safari hii humfukuzi. Fanya kinyume. Breki kwanza zote, masta silinda, silinda za kwenye magurudumu, mipira, na oili ya breki iwe ya breki kweli, DOT 3 au 4, mtu asikumiminie oili ya injini raba zikavimba. Alafu tairi, soma zile namba nne za mwisho baada ya neno DOT ubavuni mwa tairi, mfano 2310 maana yake wiki ya 23 mwaka 2010, tairi la hivyo hata likiwa na kashata (meno) nzuri usiliamini. Alafu injini, alafu waya. Itembee ikiwa mbaya hivyohivyo, itoke Mpwapwa mpaka Gulwe irudi. Ikishatembea ndo unashughulikia kipande kimoja kimoja, mlango huu mwezi huu, siti mwezi ujao, na kila jumapili inawaka. Wife akipanda akapelekwa sokoni mara moja utashangaa mjadala unavyobadilika.

Kaka habari, nipo Kizota. Nimenunua Land Rover shoti, ile fupi, muuzaji kaapa ni ya 1965, ila dashibodi geji ziko mbele ya usukani na grili ni ya plastiki. Nimepigwa?

Umepigwa, au na yeye alipigwa na aliyemuuzia. Geji mbele ya dereva na grili ya plastiki ni Series III, yani toleo la tatu la hizi Land Rover, hizo zilianza 1971. Ya 1965 ingekuwa Series IIA, toleo lililotangulia, geji zinakaa katikati ya dashibodi, grili ya chuma, na taa kubwa ziko karibukaribu kwenye grili, hazijahamia kwenye madigadi, hilo lilikuja mwishoni mwa miaka ya 60. Inawezekana pia ni gari la 1965 lililovalishwa nguo za mdogo wake, kwenye Land Rover kila kitu kinafungwa kwa bolti kwa hiyo watu wanachanganya sana. Nenda kwenye chasisi, upande wa kulia mbele pale springi inaposhikiliwa, sugua na brashi ya waya utafute namba zilizogongwa, linganisha na kadi. Zikigombana, rudisha gari kabla hujaweka hata lita moja. Kama ni Series III kweli na namba zinakubaliana mi ningekaa nayo, gia zote nne zina sinkro, yani zinaingia bila kukwaruza, IIA gia ya kwanza na ya pili ni za kuomba radhi.

Mkuu niko Singida, natafuta gari la zamani la kuanzia, nimeona Peugeot 404, Peugeot 504 na Volkswagen Beetle, zote zinaongeleka bei. Land Rover siitaki kila mtu anayo. Unanishauri ipi?

Kimoyo mi ni wa 404, ngoja niseme mapema. Hii gari imechukua Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na mbili za katikati aliyekuwa anaendesha ni Bert Shankland wa Dar es Salaam, mtu wa hapahapa. Rally yenyewe enzi hizo ilikuwa inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara ambazo leo ungepita na Land Cruiser mkonga tu. 504 nayo ikachukua 1975 na 1978. Wazee wa hapa kati wanaikumbuka ile ya stesheni ikiwa imebeba ukoo mzima na mbuzi juu.

Ila umeuliza ya kuanzia. Peugeot haina chasisi ya kutenganishwa, bodi yenyewe ndo inabeba kila kitu, kwa hiyo kutu kwenye yale maboksi ya chini ya milango sio urembo, ni uti wa gari. Nenda na sumaku ndogo umeifunga kitambaa, ipitishe chini ya milango na kwenye madigadi, isiponata hapo kuna puti nene, mtu kaficha. (Kwenye paneli za aluminiamu za Land Rover sumaku hainati, msiniandikie tena kwamba mmeuziwa gari la puti tupu.)

Kama sumaku inanata kotekote, chukua 404. Kama inaruka ruka chukua Beetle. Haina rejeta, haina maji, injini inashikwa na bolti nne unaishusha na jeki na rafiki mmoja, madigadi yanafunguka, na kwa sababu Mexico waliendelea kuitengeneza mpaka 2003 spea zipo dunia nzima na bei sio za kuzimia. Kitu kimoja tu, oili yake ni kama lita mbili na nusu basi na ndo inayosaidia kupoza, kwa vumbi na joto letu usingoje kilomita elfu tano, wahi kubadilisha, na ile hewa klina yenye oili ioshe mara kwa mara.

Anko, mi ni mama wa Nkuhungu. Mume wangu ana Datsun 1200 ameiweka uani mwaka wa nne huu. Kila mwisho wa mwezi anakuja na kitu kipya, rimu, usukani wa mbao, redio. Gari halijawahi kuwaka. Ni hobi au ni ugonjwa?

Shemeji, ugonjwa huo nauelewa ila tiba ipo. Rimu na usukani wa mbao unanunua leo unaona leo, ndo utamu wake. Masta silinda ya breki haionekani na haina wa kuipiga picha. Usimkataze, ukimkataza ataanza kuficha kwa jirani. Mwambie hivi, hela ya gari ipo ile ile kila mwezi ila mpaka iwake na isimame kwa breki zake hakuna kununua kitu chochote ambacho mtu akipita barabarani anakiona. Datsun 1200 ni gari rahisi jamani, injini ndogo, kabureta moja, haina kompyuta. Spea akikosa hapa apande treni ya SGR asubuhi, ashuke Dar aende Gerezani, jioni yuko nyumbani na begi. Na wewe siku hiyo unapumzika.

Bro, gari yangu ya zamani nataka kupiga rangi Dodoma ila kila fundi ninayemuona kazi zake zina vumbi ndani ya rangi utadhani kapiga na mchanga. Nipeleke Dar?

Usipeleke Dar. Hewa kavu ya huku ni nzuri kwa rangi, hasa kama unataka ile rangi ya zamani ya kukauka haraka na thina, hiyo kwenye unyevu wa pwani inapata ukungu mweupe juu. Shida yetu ni upepo na mavumbi, kuanzia kama Julai mpaka Septemba ndo balaa. Anza alfajiri kabla upepo haujaamka, mwagia maji sakafu na nje ya banda, funga turubai pande zote, na mtu asipite na bodaboda. Fundi akitaka kupiga mchana chini ya mwarobaini muage kwa heshima.

Kikubwa zaidi ni kilicho chini ya rangi. Kama ni aluminiamu lazima kwanza ile praima maalumu ya kung'ata, praima ya kawaida itabanduka vipande baada ya masika moja. Kama ni chuma toa kutu mpaka uone chuma cheupe, sio kuipaka rangi ya kufunika. Vipande vidogo kama bawaba na mabreketi unaweza kuvilaza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na soda ashi ya watengeneza sabuni, kipande chenye kutu unakifunga kwenye hasi ya chaja ya betri, kwenye chanya unafunga kipande cha chuma chakavu, kutu inaachia yenyewe. Fanya nje kwenye hewa maana inatoa gesi inayoshika moto, chuma cha chanya kisiwe stenlesi, hiyo inatoa sumu, na aluminiamu usiitumbukize kabisa. Puti iwe ya kusawazisha, sio ya kujengea. Msasa anza na 80, malizia na 400 wa maji, na usimruhusu mtu aruke hatua kwa sababu ya ijumaa.

Mjomba, kuna mzee kaniambia gari za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi na hii ya sasa itaua injini yangu. Kweli?

Ana hoja ila ametia chumvi. Kusini mwa Sahara tuliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na ile risasi kweli ilikuwa inalinda viti vya valvu kwenye hedi, yani pale valvu inapokaa ikijifunga. Bila hiyo, injini yenye viti laini ikikimbizwa sana na mzigo, valvu inazama kidogo kidogo kwenye hedi. Kwa hobi ya wikendi inachukua muda mrefu kuonekana. Wewe pima tapeti kila baada ya muda, kama nafasi inajifunga yenyewe kila ukipima hasa kwenye valvu za ekzosi, ndo inazama. Hapo peleka hedi kwa wachongaji wakuwekee viti vigumu, kazi ya mara moja. Usinunue vichupa vya miujiza vya kumimina kwenye tangi kabla hujapima.

Naandika kutoka Kongwa. Kwenye shamba la ukoo kuna dude la chuma lina minyororo kama kifaru, babu alisema ni la Wazungu wa karanga. Linaweza kufufuliwa?

Babu yako hakuwa anatania. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza hapo Kongwa 1947, ukafutwa 1951, na matrekta yalipokosekana walichukua vifaru vya vita vya Sherman, kampuni ya Vickers ikavigeuza kuwa matrekta ya kung'olea visiki, wakayaita Shervick. Sisemi lako ndo lenyewe, walileta na mabuldoza ya kawaida mengi, nitumie picha ya magurudumu yale madogo yanayokanyaga mnyororo pamoja na kibao chochote chenye maandishi. Kufufua litembee sikushauri, hilo sio la mtu na mjomba wake. Ila msiliuze kwa kilo kabla sijaona picha, tafadhali sana.

Shikamoo, mi ni mwanafunzi wa UDOM, sina gari wala hela ya gari ila napenda sana haya mambo. Naanzaje?

Marahaba. VETA Dodoma wanafundisha ufundi magari, ulizia kozi fupi unazoweza kuzipanga wakati wa likizo. Kwa sasa nenda gereji yoyote ya Chang'ombe au Kizota uombe kabureta iliyokufa, Solex au ya Datsun yoyote, wanazo zimetupwa kwenye ndoo, watakupa kwa hela ya soda. Ifungulie juu ya gazeti, piga picha kila hatua na simu, ioshe na petroli ukiwa nje na mbali na jiko, irudishe. Isipobaki na kijipande chochote pembeni niandikie, kuna mzee Area C ana Morris Minor na macho yake hayaoni vizuri siku hizi, anatafuta mikono ya kijana siku za jumamosi.